Jiwe Lililogomea Gurudumu

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nikae na nisiguse kitu. Aliyeniambia alikuwa Fundi Mkuu wa karakana ya chama cha wapenda mawe, Mzee Shomari, sonara wa Kariakoo ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakitengeneza pete za fedha zenye mawe ya akiki kwa ajili ya wazee wa pwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akanionyesha kigoda kwa kidole cha mguu kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika jiwe. Nikakaa. Niliangalia maji yakidondoka juu ya gurudumu la kusagia, na jiwe jekundu likipoteza pembe zake polepole kama kipande cha sabuni.

"Umeacha kazi ngapi mpaka leo?" aliniuliza jua lilipofika utosini.

"Tatu, mzee. Ukarani wa ghala, duka la baiskeli, na..."

"Basi, inatosha. Jiwe halina haraka. Tutaona nani atamchoka mwenzake."

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, sina mke, sina utulivu, nimepanga chumba Magomeni na kila mwezi nafikiria kukihama. Vijana wa leo mkisikia habari za mawe mnawaza migodi na madalali. Wakati ule, hapa Dar es Salaam, kulikuwa na watu waliopenda mawe kama wengine wanavyopenda stempu au ndege. Walikuwa watumishi wa serikali, mabwana wa reli, daktari mmoja wa meno, na wenye maduka wa Uhindini. Kila Alhamisi jioni walikutana katika chumba cha ghorofani huko Uhindini, wakanywa chai, wakaonyeshana walichookota. Karakana yao ilikuwa mtaa wa Gerezani, mbali na vikombe vya chai, kwa sababu kusaga mawe kuna kelele na tope.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa kifupi. Jiwe dogo halishikiki kwa vidole mbele ya gurudumu, kwa hiyo hubandikwa kwenye ncha ya kijiti kwa lakiri, ile nta ngumu iliyokuwa ikifunga vifurushi vya posta. Unaiyeyusha kwa taa ya spiriti, unalibandika jiwe, unasubiri lipoe. Halafu unalisaga kwa gurudumu la mchanga mgumu uliogandishwa, huku maji yakidondoka ili jiwe lisipate moto likapasuka. Jiwe likikubali kusagika, maji yanayotoka chini huwa kama maziwa. Ndiyo alama ya kwanza fundi anayoitazama. Hatazami jiwe, anatazama maji. Baada ya hapo linakuja gurudumu laini zaidi, kisha ngozi yenye unga wa kung'arishia, na hapo ndipo watu husema jiwe limefunguka macho.

Nilikuwa na wakubwa watatu. Fundi Mkuu nimeshamtaja. Mwenyekiti alikuwa Mzungu wa reli, mhandisi, mrefu, mwenye Kiswahili alichojifunza kwenye kambi za bara na ambacho hakikuwa na "tafadhali" hata moja, ingawa mwenyewe hakuwa mtu mkali. Katibu alikuwa Mgoa, karani wa kampuni ya meli, nadhifu kama sahani mpya. Yeye ndiye aliyetunza kanuni na sanduku la kupimia.

Hilo sanduku lilikuwa na vyumba kumi vilivyotandikwa kitambaa. Katika kila chumba palikuwa na jiwe moja, kuanzia lile laini ambalo hata ukucha unalikwaruza, hadi gumu zaidi. La saba lilikuwa kwatzi, la nane topazi, la tisa yakuti. Chumba cha kumi kilikuwa kitupu. La kumi ni almasi, na almasi ghafi, yaani ambayo haijakatwa, haikuruhusiwa kukaa mikononi mwa mtu asiye na kibali. Ilikuwa ni kifungo. Mtu hakuulizwa ameiba au ameokota. Aliulizwa kibali kiko wapi. Ndiyo maana wapenda mawe wote, hata wale waliokuwa na magari na wapishi, walikuwa na hofu moja ndogo waliyotembea nayo. Kariakoo nako askari kanzu hawakukosekana. Walikaa kwa wauza kahawa wakisikiliza, na ukiona mtu anakunywa kahawa yake taratibu mno, ulinyamaza.

Sasa, desturi ya kuingia katika chama ilikuwa hii. Mwombaji alitakiwa kuokota jiwe kwa mkono wake, alikate mwenyewe katika karakana, kisha aliweke mezani siku ya mkutano. Linazungushwa kwa mikono, kila mwanachama analitaja jina kwa kulitazama tu. Likishamaliza mzunguko, Fundi Mkuu analipima kwa sanduku mbele ya wote. Halafu ndiyo kura, kokoto nyeupe au nyeusi ndani ya mkebe. Kanuni hazikusema mwombaji awe mtu wa rangi gani. Nadhani aliyeziandika hakuwaza kwamba ingefaa kusema.

Basi akaja Bwana Elirehema. Alikuwa Mchaga mwenye duka karibu na soko la Kariakoo, anauza mablanketi, sabuni, sufuria na sweta za watoto. Alianza kwa kutuletea spiriti ya taa, akasimama kidogo kutazama, kesho yake akasimama zaidi, mwishowe akawa anafunga duka mapema na kumwachia mkewe, Mama Anaeli, wateja wa jioni. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita mdogo wangu. Alikuwa na shauku ya kutaka kuwa mwanachama ambayo hakuificha, na Mwenyekiti, kwa namna yake ya ukavu, alisema hakuona kizuizi.

Mwenyekiti huyo ndiye aliyewaombea wanachama ruhusa ya kuchambua malundo ya kokoto ya reli. Kokoto zile zilikuja na mabehewa kutoka bara, nyingine kutoka kwenye mito ya upande wa ziwani, na Jumamosi asubuhi ungewaona mabwana wazima wamevaa kaptula, wameinama juu ya lundo kama kuku. Wapakiaji walikuwa wakicheka.

"Hawa Wazungu wamepoteza nini?"

"Akili."

Jumamosi moja Elirehema aliinuka kutoka kwenye lundo akiwa ameshika jiwe lenye ukubwa wa haragwe. Halikuwa na rangi, labda umanjano kidogo sana. Lilikuwa zito kuliko umbo lake, na ng'aro yake haikuwa ya kioo. Ilikuwa ya mafuta. Alilionyesha kwa kila aliyekuwepo. Mpaka Jumapili jioni nusu ya wafanyabiashara wa soko walikuwa wamelishika.

Jumatatu alikuja kulikata. Mzee Shomari alikuwa amekwenda Bagamoyo kwenye msiba, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nikabandika jiwe kwa lakiri, nikawasha mashine, nikafungua maji, naye akaketi. Akalisogeza jiwe kwenye gurudumu. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya kusaga niliyoizoea. Ilikuwa nyembamba, ya kuteleza, kama kidole kwenye ukingo wa bilauri. Akakandamiza zaidi. Nikainama kutazama maji. Yalikuwa yakitoka safi kama yalivyoingia.

"Gumu kweli jiwe langu," alisema akicheka. "Kama baba mkwe wangu."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba kuna jiwe moja tu ambalo gurudumu letu haliwezi kulifanya kitu. Nilimwambia mashine ina hitilafu, arudi siku nyingine. Nikalitoa jiwe kwenye lakiri, nikamkabidhi, akalitia mfukoni na kuondoka akipiga mluzi.

Mzee Shomari aliporudi kutoka msibani nilimpa pole, kisha nikamwambia hata kabla hajaketi. Alisimama, kofia yake mkononi.

"Umelipima?"

"Sanduku analo Katibu."

"Alhamdulillahi. Usilipime."

"Lakini mzee, tukilipima tutajua."

"Ndiyo maana nakwambia usilipime. Leo tuna jiwe tusilolijua. Sijasikia mtu aliyefungwa kwa jiwe asilolijua. Ukishajua, Hamisi, huwezi tena kutojua, na polisi watakuuliza ulijua lini, na kati ya hapo na sasa ulikuwa unafanya nini."

Alifunga karakana kwa kufuli na kuning'iniza kibao kusema mashine imeharibika. Hakuigusa mashine. Hakutaka hata kuiangalia.

Siku zile zilizofuata sizisahau. Nilikuwa nikitembea kutoka Magomeni nikiona askari kanzu katika kila mtu mwenye viatu vizuri. Palikuwa na bwana mmoja aliyekaa kwa muuza kahawa mbele ya karakana iliyofungwa, siku nzima, na mimi nikabadilisha njia. Kesho yake nikagundua alikuwa akimsubiri fundi cherehani amalizie suruali yake. Hata hivyo sikuirudia njia ile. Sikuwa nimeokota kitu, sikuwa nimeuza kitu, lakini mkono uliolibandika jiwe lile kwenye lakiri ulikuwa wangu, na niliulaza juu ya mto kama mkono wa mtu mwingine.

Siku moja kabla ya mkutano, Katibu alinikuta kwenye kibaraza cha karakana. Shati lake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, lilikuwa limelowa mgongoni.

"Huyu rafiki yako anatangazia mji mzima kwamba jiwe lake limeshinda mashine," alisema. "Amenisimamisha barabarani akaniambia kwa sauti! Nimemwona Mwenyekiti. Kokoto ni za reli, ruhusa ni ya kwake. Unaelewa? Mwambie Elirehema ajitoe. Aombe tena mwakani."

"Nimwambie kwa sababu gani, Bwana Katibu?"

"Mwambie nafasi zimejaa."

"Anajua hazijajaa. Na kama ni lile tunalolifikiria, yeye ndiye atakayefungwa. Nimweleze?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto. "Mimi sijakwambia kitu cha kumweleza. Umenisikia? Sijakwambia kitu." Akaondoka haraka hata akamsahau mtu aliyekuwa akimshikia baiskeli.

Nilikwenda dukani jioni ile ile. Mama Anaeli alikuwa akibishana na mteja juu ya sufuria, mumewe akipanga mablanketi. Nikasubiri mteja atoke, nikamwambia kaka Elirehema yote, kwa sauti ya chini, nikianzia kwenye maji yaliyotoka safi.

Alianza kucheka. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Fundi anajua?"

"Anajua kwamba hajui."

"Katibu?"

"Vilevile."

"Na Mwenyekiti?"

"Katibu amemwona."

"Kwa hiyo mji mzima mnajua, isipokuwa mwenye jiwe."

Mama Anaeli alikuwa amesogea, na sikuwa nimemwona. "Litupe baharini," alisema. "Nenda Kivukoni sasa hivi ulitupe, urudi tule."

"Nusu ya Kariakoo imelishika, mama. Kesho askari akija akaniuliza lile jiwe liko wapi, nimjibu nimelitupa? Nani anatupa jiwe alilokuwa akijivunia? Atasema nimeliuza."

"Basi lipeleke polisi mwenyewe."

"Nikaseme nini? Kwamba nadhani ni almasi? Nikilitaja tu watauliza nimekaa nalo tangu lini. Tangu Jumamosi! Na nimelipeleka kwenye mashine!" Alilitoa mfukoni, akaliweka juu ya kaunta kati ya vipande vya sabuni. Sote watatu tulilitazama kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye hajui kama yu hai. "Hapana. Nitaliweka mezani kama kanuni inavyotaka. Sijaliiba. Nimeliokota mbele ya watu na nitalitoa mbele ya watu hao hao. Nikijificha nalo, hapo ndipo nitakuwa nimekosa."

"Na wakikukamata?" aliuliza mkewe.

"Watanikamata nikiwa nimevaa tai."

Mama Anaeli aliingia ndani ya nyumba, na mimi nikatoka.

Alhamisi wanachama walikuja wote, hata wale waliokuwa na tabia ya kukosa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na birika la chai. Kwa kawaida chumba kile kilijaa maneno. Siku hiyo ulisikia vijiko. Elirehema alikuja na suti ya kahawia na tai nyekundu. Mwenyekiti alipomwita, alisimama, akasema alikookotea jiwe lake, siku aliyoliokota na waliokuwepo. Akaeleza kwamba hakuweza kulikata kwa sababu mashine ilikuwa na hitilafu. Akaliweka katikati ya meza.

Mzunguko ulianza. Daktari wa meno, ambaye huwa halishiki jiwe bila kuweka kioo chake cha kukuzia jichoni, alilipokea na kulipitisha kwa mkono uleule. "Kwatzi," alisema. Aliyefuata akasema, "Kwatzi." Mwingine akasema kipande cha chupa kilicholainishwa na mto. Liliruka kutoka mkono hadi mkono kama kaa la moto. Katibu alilipokea kwa leso.

Likafika kwa Mwenyekiti. Yeye hakulipitisha. Alilipima uzito kiganjani, akaligeuza kuelekea dirishani, akakaa nalo muda mrefu, na nikaona shingo yake imekuwa nyekundu juu ya kola. Hakutaja jina lolote.

"Fundi," alisema. "Pima."

"Mwenyekiti," Katibu aliingilia, "muda umekwenda, na sanduku... labda wiki ijayo tungeweza..."

"Fundi. Pima."

Mzee Shomari alisogea. Alifungua sanduku, akaruka mawe yote laini, akachukua la tisa moja kwa moja. Hata asiyejua kitu katika chumba kile alijua sasa kwamba wote walikuwa wakiwaza jambo moja. Aliiweka yakuti juu ya meza, akaishika ncha kali ya jiwe la Elirehema, akaivuta juu ya yakuti kwa nguvu, mara moja.

Pakabaki mstari mweupe.

Kiti kimoja kililia. Daktari wa meno alikuwa amesimama, akaketi tena. Mimi nilikuwa nikimtazama Elirehema. Alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya meza, vidole vimetandazwa, kama mtu anayeogopa meza itaondoka.

Lakini mstari si jibu. Ukivuta jiwe laini juu ya gumu, lile laini huacha unga wake, na unga unafanana kabisa na mkwaruzo. Tofauti ni moja tu: unga unafutika, mkwaruzo haufutiki. Ndiyo maana fundi hulowesha dole gumba na kusugua. Mzee Shomari alilowesha dole lake kwa ulimi. Halafu hakulishusha. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na nilijua anasoma nini, nikasoma naye.

Akasugua. Akainama karibu sana na meza. Akasugua tena.

"Umefutika," alisema.

Akachukua la nane, topazi, akalikwaruza nayo lile jiwe la Elirehema. Akasugua kwa nguvu, akatupitishia sote tuone. Mkwaruzo ulibaki, juu ya jiwe la Elirehema, wazi kama mstari wa penseli.

"Zirkoni," alisema Mwenyekiti, na akaketi kwa uzito kiasi cha vikombe kugongana. "Zirkoni nzuri sana. Inang'aa kama almasi, lakini si ngumu kama hiyo."

Hapo chumba kilifunguka. Watu walicheka mno, wakapigana mabega, wakaomba chai. Ghafla kila mmoja alikuwa amejua tangu mwanzo. "Nilisema si kwatzi kamili," alisema daktari wa meno, ambaye alikuwa amesema kwatzi kamili. Kura ilipigwa papo hapo, na mkebe ulipomwagwa kokoto zote zilikuwa nyeupe.

Elirehema alisimama kutoa shukrani.

"Nashukuru sana," alisema. "Nina swali moja tu, kama mwanachama. Nani kati yenu alidhani ni almasi?"

Watu walichunguza ndani ya vikombe vyao. Kisha Mwenyekiti aliinua mkono, polepole, mpaka juu. Mzee Shomari akainua wake. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Sikuwa mwanachama, lakini nikaliinua lile birika.

"Asanteni," alisema Elirehema. "Sasa najua nitakaa karibu na nani."

Asubuhi iliyofuata Mzee Shomari alifungua karakana na kwa mara ya kwanza akalitazama gurudumu. Alilipapasa kwa kiganja, akaniita nilipapase na mimi. Lilikuwa laini kama sahani, na lilikuwa na wekundu wa shaba.

"Nani amesaga shaba hapa?"

Ilikuja kujulikana kwamba Katibu, Jumapili ile, alikuja na ufunguo wake kusaga bawaba za shaba za sanduku la gramafoni yake. Chuma laini kama shaba kinaziba matundu ya gurudumu, punje za mchanga zinafunikwa, na gurudumu linageuka kuwa kioo. Gurudumu la namna hiyo hata tofali litaligomea. Dawa yake ni kulichuna uso kwa kipande cha jiwe gumu mpaka punje mpya zitokeze, kazi ya robo saa. Mzee Shomari alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akasema, "Ningelipapasa siku ile ile, tungelala usingizi." Kwa hiyo vijana mnaoanza kazi hii, kabla hamjalihukumu jiwe, lipapaseni gurudumu.

Elirehema alikaa katika chama mpaka mwisho wake. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mwanachama akilishuku jiwe la mtu, mwenye jiwe aambiwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilipita, Katibu akaiandika kwa hati yake nzuri. Baada ya Uhuru mabwana wengi walirudi kwao, chumba cha Uhindini kikawa ofisi ya mtu mwingine. Mimi miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Nilikata mawe Tanga chini ya Msimamizi aliyekuwa akituimbia, nikakata Arusha chini ya Meneja aliyetukataza hata kupiga chafya, nikafika Mombasa na kurudi. Nimeacha kazi mapema, nikiwa na miaka arobaini na kitu, kwa sababu ya kifua. Tulikuwa tukisaga kwa maji, lakini si mara zote maji yalikuwepo, na vumbi la mawe likiingia halitoki. Sasa napanga Buguruni, na usiku nikikohoa huwa navihesabu vyumba nilivyohama, nikitamani hata vile vibaya.

Nimekwenda mbele upesi. Nirudi Alhamisi ile, maana mkutano haukuwa mwisho wake.

Tulipotoka nilimsindikiza Elirehema. Jua lilikuwa bado halijazama. Alitembea vizuri, akiongea juu ya zirkoni, kama afadhali aikate iwe ya mviringo au yenye pembe, mpaka tulipofika katikati ya Mnazi Mmoja. Hapo alisimama.

"Nishike mkono, mdogo wangu," alisema. "Tukae hapa kwanza."

Nikamshika. Tulikaa kwenye majani, yeye na suti yake ya kahawia, watu wakipita kutoka kazini na kutusalimu. Alilegeza tai. "Nilidhani watanichukua pale pale mezani," alisema. "Nilikuwa nasikiliza ngazi. Kila kiatu kwenye ngazi." Baadaye akaweza kusimama, tukaenda taratibu.

Mlango wa duka ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Mama Anaeli alikuwa amekaa nyuma ya kaunta bila kuwasha taa. Alitutazama mikono kwanza, kisha nyuma yetu barabarani, kisha usoni.

"Uko peke yako?" alimwuliza mumewe.

"Niko na Hamisi."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna mwingine. Halikuwa lenyewe, mama. Imekwisha."

Juu ya kaunta palikuwa na furushi lililofungwa kwa khanga, fundo limekazwa kwa meno. Alikuwa amelifunga tayari kwa ajili ya askari wakija. Alianza kulifungua, na fundo lilimsumbua, nikataka kumsaidia akanitikisia kichwa. Ndani yake mlikuwa na blanketi la kijivu, sweta kubwa ya mwanamume, miche miwili ya sabuni, mswaki, na maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi. Maandazi alitupa sisi tule. Sabuni aliirudisha kwenye rafu ya sabuni, akaisawazisha na nyingine. Sweta aliitundika. Blanketi alilikunja upya, pindo kwa pindo, kama lilivyotoka ghalani, akaliweka juu kabisa ya lundo, kisha akawasha taa na kufungua mlango wa duka, maana kulikuwa na mtu nje aliyetaka kibiriti.